Miswada ya wazee wetu ikishapigwa picha, nakala inakaa kwa nani?

mkaazi_wa_malindi

Assalaam alaykum wanabaraza.

Kila likitajwa suala la vitabu vya kale hapa Unguja, jibu linakuja mbio: "vipigwe picha viwekwe mtandaoni". Sawa, na mie sipingi. Ninalotaka tulizungumze ni kinachofuata baada ya picha, maana hapo ndipo kila mtu ananyamaza.

Kwanza tujue tuna nini. Pale Kilimani, Nyaraka za Taifa, upo mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Zipo barua za masultani, majalada ya mabalozi na magazeti chungu nzima. Gazeti la serikali lilianza kutoka mwaka 1892. Al-Najah la Sheikh Nasir bin Salim al-Rawahi, yule tunayemjua kwa jina la Abu Muslim al-Bahlani, likaja 1911. Kabla ya hapo Sayyid Barghash alikwishaleta mtambo wa chapa, na miongoni mwa kazi zake ni Qamus al-Sharia, kitabu cha fiqhi ya Kiibadhi chenye juzuu 90 kwenye mswada, ingawa zilizowahi kupigwa chapa hapa ni chache tu. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) nao walikuwa na mtambo wao, na 1888 skuli ya Kiungani ikaanza kutoa jarida la Kiswahili, Msimulizi. Mji huu ulikuwa ukichapa vitabu kabla ya mababu wa wengi wetu hawajazaliwa.

Sasa viko wapi? Karatasi za UMCA ziko Oxford. Maktaba ya Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, na mwanawe Rudolph iko Leiden, Uholanzi, tokea 1937. Miswada ya Kiswahili waliyoikusanya akina Taylor, Hichens na Bibi Alice Werner iko chuo cha SOAS, London. Aliyoikusanya J.W.T. Allen iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na vilivyobaki, na si vichache, vimo kwenye makasha na makabati ya majumba yetu, Mji Mkongwe na mashamba, Unguja na Pemba.

British Library ya London ina mpango wake tokea 2004 wa kusaidia kupiga picha nyaraka zilizo hatarini. Msikiti wa Riyadha wa Lamu umefikiwa, na hapa kwetu mkusanyo wa marehemu Maalim Muhammad Idris Saleh. Kanuni yao si mbaya hata kidogo: kitabu chenyewe hakiondoki nchini, nakala moja ya picha inakwenda London na nyengine inabaki kwa wenyewe. Watu wengi hawalijui hilo, wanadhani Mzungu amekuja kuchukua.

Lakini Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia British Library, wakataka fidia, maktaba ikakataa kulipa. Mifumo ikaanguka, na picha za mpango huo nazo zikawa hazifunguki kwa miezi mingi. Fikirini: kitabu kipo mtaa wa pili na mie, aliyekiandika amezikwa hapa hapa, na mwanafunzi wa Ng'ambo hawezi kukisoma kwa sababu seva ya London ina matatizo.

Suali langu ni hilo. Nakala ya hapa nyumbani, tukishapewa, inakaa wapi? Nani ana ufunguo? Na diski ikifa nani anajua?

bint_mkunazini

Waalaykum salaam kaka. Mie nitasema la watu wanaoliogopa kulisema. Faida yote ya kuweka mtandaoni wanaipata wa nje. Mtu anakaa Ujerumani anasoma miswada yetu, anaandika tasnifu, anapata udaktari. Sisi hapa bando letu linamalizika kabla ukurasa haujafunguka. Picha moja ya hao maktaba kubwa ni mzigo, simu ya kawaida inahema.

mkaazi_wa_malindi

Bi dada, hilo la bando ni kweli na ni suala la ufundi, linatatulika. Picha nzito inahifadhiwa, nyepesi ndiyo inayotolewa kwa msomaji. Nadhani humu kuna anayeijua kazi hii kuliko mimi.

fundi_wa_picha

Nipo. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, kwa hiyo mtanistahamilia nikirefusha.

Kamera inafungwa juu ya stendi ikitazama chini, taa mbili pembeni, kitabu kinalazwa juu ya mito ya povu kisifunguke zaidi ya kinavyotaka chenyewe. Hakuna kukilaza kitabu kwenye skana ya ofisini na kukikandamiza mfuniko, uti wa kitabu unavunjika. Na skana ya kuvuta karatasi yenyewe, ile tuiwachie risiti. Glavu za pamba mnazoziona kwenye filamu siku hizi wengi wameziacha: vidole vinapoteza hisia na karatasi kavu inachanika. Mikono iliyooshwa ikakaushwa vizuri inatosha. Kila ukurasa unapigwa, hata mtupu, hata jalada, hata kikaratasi kilichochomekwa ndani. Pembeni unaweka rula na kadi ya rangi, ili atakayeangalia baadaye ajue ukubwa wa kitabu na rangi yake ya kweli.

Picha ya kuhifadhi inakuwa TIFF, faili zito lisilopunguza ubora, nukta 300 kwa inchi ndiyo chini kabisa, na mie napendelea 400 kwa sababu irabu na nukta za herufi ni ndogo. Kwenye Kiswahili cha herufi za Kiarabu nukta moja ikipotea neno linageuka jengine. Kutoka kwenye TIFF unatoa JPEG nyepesi, hiyo ndiyo ya bint_mkunazini na simu yake.

Yote hayo kijana hodari anajifunza upesi. Kazi inayoua ni maelezo. Picha karibu elfu kumi zinazoitwa IMG_0001 mpaka IMG_9999 ni takataka. Kila kitabu lazima kiwe na nambari, jina la kazi, mwandishi, mnakili, tarehe ya Hijria kama ipo, lugha, mwenye kitabu, na idadi ya kurasa. Na anayeyaandika lazima awe anasoma Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ajue qasida ni nini na falaki (elimu ya nyota) ni nini, atofautishe sharhi (ufafanuzi) na matini (maneno ya kitabu chenyewe). Watu wa namna hiyo wamo visiwani humu, wengi ni maalim wa vyuo na umri umekwenda. Kwenye bajeti za miradi niliyoiona, kamera ina fungu, maalim anapewa chai.

Kuhusu suali la mkaazi: kawaida ya kazi ni nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali na jengo. Diski ya nje hufa, tena ya kwetu hufa haraka, joto na chumvi ya bahari. Unaitegemea miaka mitano hivi, halafu unahamishia kwenye mpya. Na kila faili linapewa alama yake ya hesabu (checksum), kompyuta inaitoa kutokana na yaliyomo ndani, ukiihesabu tena ikitofautiana ujue faili limeharibika hata kama linafunguka. Nimewahi kuiona taasisi moja (siitaji) ambayo nakala yao ya mradi mzima ilikuwa diski moja, ndani ya droo, na aliyekuwa na ufunguo wa droo amestaafu.

feni_juu

😂😂 Aliyestaafu na ufunguo. Hii ndiyo Zanzibar yangu.

mzee_wa_ukutani

Wanangu, nyote mnazungumza habari za mashine. Mie nna suali la kisharia.

Vitabu vingi vya zamani ukifungua ukurasa wa mwanzo unakuta maandishi ya wakfu: kitabu hiki ni wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Wengine waliandika kabisa ni kwa wanafunzi wa msikiti fulani au wa chuo fulani. Hapa Ukutani, kwenye madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir, watu wamesoma vitabu vya namna hiyo kizazi baada ya kizazi. Sasa mtu akikipiga picha kitabu cha wakfu akaiweka pahali ambapo msomaji analipa kwa mwezi, amefanya nini? Kitabu hakikuuzwa, lakini manufaa yake yameuzwa. Wenye elimu watujibu.

mkaazi_wa_malindi

Shikamoo mzee. Mie si mwanachuoni, lakini nilivyomsikia maalim mmoja, sharti la mwenye kuweka wakfu ndilo linalofuatwa, na kama aliweka kwa wanafunzi basi kumfikishia mwanafunzi bure kwa njia ya picha kunakwenda na nia yake. Kufungia nyuma ya malipo ndiko kunakopingana nayo. Kwa hiyo kwenye mkataba wa kupiga picha iandikwe wazi: kusoma bure, milele, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ihusishwe kwa vile vya wakfu. Watu wanatia saini mikataba ya Kiingereza ambayo hata hawaisomi.

mzee_wa_ukutani

Marahaba. Hilo la mkataba usomwe, limenikaa.

kijana_wa_chake

Ahsanteni, lakini uzi mzima Unguja, Unguja, Unguja. Pemba hatuna makasha?

Washairi wakubwa wa karne ya kumi na tisa wametoka kwetu. Kamange na Sarahani walikuwa wakijibizana kwa mashairi, watu wakiyahifadhi kichwani na kwenye madaftari. Kazi ile imetufikia kwa sababu kuna watu walizunguka wakayakusanya, Sheikh Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, halafu Abdilatif Abdalla akaihariri, kikatoka kitabu Kale ya Washairi wa Pemba mwaka 2011. Muangalie hesabu hiyo. Washairi wa karne ya kumi na tisa, kitabu karne ya ishirini na moja. Kati ya hapo yalibebwa na madaftari na vifua vya watu, na daftari lile lingeliwa na mchwa tusingekuwa na la kusimulia.

Mie nataka kituo cha kupiga picha kiwe Chake. Makumbusho ipo pale ngomeni, tawi la maktaba lipo. Mpemba hatompa mtu kasha la babu yake alipakie meli liende Kilimani likakae miezi. Hatompa tu, msijidanganye.

fundi_wa_picha

Kijana wa Chake umesema kweli, na kwa kazi hii ndivyo inavyotakiwa: kamera ndiyo inayosafiri, kitabu kinakaa. Stendi inakunjika, taa zinaingia begi moja. Tatizo la Pemba ni hilo la kumpata wa kubaki na vifaa, si gharama ya kuvifikisha.

bint_mkunazini

Narudi na jengine, na hili ni zito zaidi ya bando.

Mnajua kwenye vitabu hivi mna nini? Si dini na mashairi tu. Kurasa tupu za mwisho wazee wamejaza tarehe za watoto kuzaliwa, madeni, dawa, nani kauza shamba la mikarafuu kwa nani. Na hati za watumwa. Fulani bin fulani amemwacha huru mtumwa wake fulani, kwa jina, kabila alikotoka na mtaa anaokaa. Utumwa kisheria ulikomeshwa Zanzibar 1897, tunaosema ni zamani, lakini wajukuu wa pande zote mbili tunakaa mtaa mmoja na tunaoana. Ukiziweka hati hizo mtandaoni zinatafutika kwa jina, kesho kuna posa inavunjika. Wala sitanii. Unguja mtu anaulizwa asili yake kabla hajaulizwa kazi yake.

Na baada ya hapo kuna ya 1964. Nani alikuwa na nyumba gani, nani alikuwa na shamba lipi. Karatasi nyengine zikionekana zitafungua mambo.

feni_juu

Hapa sicheki.

mkaazi_wa_malindi

Bint_mkunazini, hili ndilo nililokuwa nalikwepa na umelileta mwenyewe, shukran.

Kwa upande mmoja, hati za kuachwa huru ni miongoni mwa karatasi chache zinazomtaja mtumwa kwa jina lake. Tukizificha, tunambakisha asiyetajwa mara ya pili. Mtu mwengine ana haki ya kujua bibi wa bibi yake alitoka Unyasa na aliitwa nani. Kwa upande wa pili, ulilosema la posa si la kubuni, sote tunalijua.

Mie naona jawabu ni kuwa na milango miwili. Vitabu vya elimu, mashairi, falaki, magazeti ya zamani, hivyo viwe wazi kwa dunia nzima. Hati za majina ya watu, za mali na za utumwa, zipigwe picha zote bila kuacha hata moja, lakini msomaji azifuate pale zilipo, aeleze anatafuta nini, na ukoo wenye kasha uwe umeulizwa. Baadhi ya nyaraka za serikali duniani zinafungwa kwa miaka maalumu halafu zinafunguliwa, si jambo geni.

bint_mkunazini

Na anayeamua kipi kinaingia mlango upi ni nani? Maana "ukoo uulizwe" maana yake kaulizwa mwanamme mkubwa wa nyumba. Ukoo ule ule una wajukuu wa bwana na wajukuu wa suria. Wataulizwa wote?

mkaazi_wa_malindi

Suali zuri na sina jibu la haraka. Pengine uamuzi usiachiwe ukoo peke yake, wala ofisi peke yake.

mzee_wa_ukutani

Wazee wawili, mwanachuoni mmoja, mwanamke mmoja wa makamo anayejua nasaba za mji. Huyo wa mwisho ndiye atakayewazuia wengine kukosea. Mabibi ndio wenye nasaba za mji huu.

mdau_wa_sheria

Niongeze dogo. Kwa vitabu vya kabla ya karne ya ishirini haki ya mwandishi imeshamalizika, hakuna wasiwasi. Shida ni vya katikati: magazeti ya miaka ya 1950, tafsiri, mashairi ya watu waliokufa juzi. Kiwango cha chini cha Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ni miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Kwa mfano Sheikh Abdallah Saleh Farsy alifariki 1982, kwa hiyo vitabu vyake bado vina wenyewe, warithi. Mtu asiviweke PDF kwa kisingizio cha kuhifadhi turathi. COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki hapa Zanzibar, wapo, waulizwe.

feni_juu

Nimezikuta PDF zake kwenye magrupu matatu ya WhatsApp wiki hii, tena za kupigwa kwa simu, kidole gumba cha mtu kinaonekana kila ukurasa.

fundi_wa_picha

Hicho kidole gumba kinanifuata ndotoni.

Turudi kwenye suali la mwanzo la nakala kukaa wapi. Rai yangu: nakala moja Nyaraka Kilimani, moja maktaba ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), moja Pemba. Si kwa heshima ya Pemba tu, kwa umeme pia. Mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja miezi mitatu gizani? Pemba walikuwa na majenereta yao, na sasa wanapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, sisi tunapata kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar. Waya mbili tofauti, visiwa viwili tofauti. Seva mbili kwenye jengo moja ni seva moja tu. Beit al-Ajaib, jengo tulilokuwa tukijivunia tokea 1883, upande wa mbele uliporomoka Disemba 2020 mchana kweupe, watu wakafa. Hakuna jengo la kuliamini peke yake.

Na ya nne ikae nje ya nchi, London au kwengineko. Nje iwe akiba, asili iwe hapa.

mkaazi_wa_malindi

Hilo ndilo neno nililokuwa nikilitafuta tokea mwanzo wa uzi. Nje iwe akiba.

mama_wa_wete

Assalaam alaykum. Nimesoma wote kimya kimya. Nna kitabu cha marehemu babu, kimeandikwa kwa mkono, wino mweusi na mwekundu, karatasi nzito, ukiinua kwenye mwanga unaona alama ya miezi mitatu. Kina vitundu vya wadudu na harufu ya uvundo. Dada yangu kaniambia nikianike juani kwanza ndipo nikipige picha kwa simu. Nifanye?

fundi_wa_picha

Waalaykum salaam bi mkubwa. Usikianike, tafadhali. Jua linakausha karatasi kwa kishindo, inajikunja na inakatika, na wino mwekundu unapauka. Miezi mitatu ni karatasi ya Kitaliana iliyokuwa ikiuzwa pwani yote hii, ni karatasi madhubuti, isikuhuzunishe. Wino mweusi ukiwa wa masizi hauli karatasi lakini maji yanautoa, kwa hiyo kitambaa kibichi kisikiguse.

Kiweke kivulini pahali penye upepo, kimesimama, kurasa zimeachana kidogo, mbali na ukuta wa mawe maana ukuta unavuta unyevu. Ukungu ukishakauka unapangusa kwa brashi laini, nje ya nyumba, umeziba pua. Vitundu vikiwa na unga mpya wadudu wamo bado: kitie kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, ufunge vizuri, uweke friza la baridi kali kiasi cha wiki mbili bila kukatika. Kikitoka usifungue mfuko mpaka kirudi joto la nyumba, la sivyo kinarowa. Ikiwa umeme wenu wa kukatika katika, acha friza, nitakuja na mwenzangu.

Picha ya simu piga, haidhuru, dirishani asubuhi bila flashi, ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa wa mwanzo na wa mwisho uzipige mara mbili, humo ndimo lilimo jina la mnakili na tarehe. Usizirushe kwenye grupu kwanza. Na uniambie: kimeandikwa wakfu popote?

mama_wa_wete

Ukurasa wa pili, juu, kwa wino mwekundu. Sikuwahi kuyasoma. Namwita mwanangu anisomee.